Pointi moja ya Croke Park: kisa cha Mayo katika fainali ya 2017

Tarehe 17 Septemba 2017, dakika za nyongeza zikiyoyoma katika uwanja wa Croke Park jijini Dublin, Dean Rock wa Dublin alisimama kupiga mpira wa adhabu dhidi ya kaunti ya Mayo. Ilikuwa fainali ya ubingwa wa Ayalandi wa mpira wa miguu wa Kigaeli. Timu zilikuwa sawa, 1-16 kwa 1-16, yaani goli moja na pointi 16 kila upande. Alipoanza hatua zake, kidude kikaruka mbele yake. Kilikuwa kifaa cha GPS, kile ambacho wachezaji huvaa mgongoni ndani ya jezi ili makocha wapime mbio zao. Lee Keegan, beki wa Mayo, alikuwa amekichomoa na kumrushia. Kilimkosa. Rock akapiga, mpira ukapita katikati ya miamba miwili. Dublin 1-17, Mayo 1-16.

Nimeirudia mechi hii mara nyingi kuliko fainali nyingine yoyote ya mchezo huu, na kila nikifika hapo macho yangu humwendea Keegan. Mwaka mmoja kabla alikuwa amechaguliwa mchezaji bora wa Ayalandi. Siku hiyo hiyo alikuwa amefunga goli, na Ciarán Kilkenny, mmoja wa wachezaji hatari kabisa wa Dublin, alikuwa mfukoni mwake. Mtu wa kiwango hicho akifikia kurusha kifaa, ujue hana kingine kilichobaki mkononi. Kitendo kile hakikuwa halali, sitakitetea, ila siwezi kukitazama bila kuumia.

Mashabiki wa Mayo wameizungumza fainali hii kwa miaka mingi, na swali lao ni moja: tuliipotezea wapi? Majibu yao yanapishana sana. Nataka kuyachukua moja baada ya jingine, kwa sababu naamini jibu sahihi lipo, na silo linalopendwa zaidi.

Kwanza, kwa asiyeujua mchezo. Mpira wa miguu wa Kigaeli huchezwa na watu 15 kila upande, kwa dakika 70 katika mechi kubwa za ubingwa. Mpira unashikwa kwa mikono, unadundwa, unapigwa kwa mguu, unapasiwa kwa ngumi. Lango lina nyavu chini ya mtambaa panya kama tulivyozoea, lakini miamba yake miwili inaendelea kwenda juu. Ukiuingiza mpira wavuni umefunga goli, lenye thamani ya pointi tatu. Ukiupitisha juu ya mtambaa panya, katikati ya miamba, kwa kanuni za 2017 umepata pointi moja. Kwa hiyo 1-17 ni goli moja na pointi 17, jumla 20. Mayo walikuwa na 19.

Jambo la pili ndilo linalofanya maombolezo ya mchezo huu yawe ya aina yake. Wachezaji ni wa ridhaa, hawalipwi mshahara. Baada ya fainali wanarudi kazini, mmoja darasani, mwingine benki, mwingine shambani. Na kwa kawaida unachezea kaunti uliyokulia. Hakuna dirisha la usajili la kumleta nyota kutoka mbali. Shabiki wa Mayo anapomlaumu mchezaji, anamlaumu kijana wa jirani, mtu atakayekutana naye dukani au msibani wiki ijayo. Hiyo huufundisha ulimi adabu. Katika mjadala wote wa 2017, majina mengine hutajwa kwa sauti ya chini.

Na Mayo ni kaunti iliyokuwa na watu wapatao 130,000 mwaka 2016, huko magharibi mwa Ayalandi, kwenye mwambao wa Atlantiki. Mara ya mwisho kubeba Kombe la Sam Maguire, kombe la bingwa wa Ayalandi, ilikuwa 1951. Walipofika fainali ya 2017 ilikuwa miaka 66, na katikati yao walikuwa wameshapoteza fainali za 1989, 1996, 1997, 2004, 2006, 2012, 2013 na 2016. Mwaka hadi mwaka mashabiki wao wamesafiri zaidi ya kilomita 200 kuivuka nchi, bendera za kijani na nyekundu zikipepea madirishani, na wamerudi njia ile ile usiku bila kombe. Waswahili tuna neno letu viwanjani kwa timu inayopoteza baada ya kupigana mpaka tone la mwisho: imekufa kiume. Mayo wamekufa kiume mara nyingi kiasi kwamba sifa yenyewe imegeuka kidonda.

Mwaka ule walifika kwa njia ndefu. Galway waliwafunga katika ubingwa wa jimbo la Connacht, wakashushwa kwenye njia ya mlango wa nyuma, yaani mechi za nafasi ya pili kwa waliofungwa majimboni. Derry waliwapeleka muda wa ziada, Cork vilevile. Robo fainali na Roscommon ilikuwa sare, ikarudiwa. Nusu fainali na Kerry ilikuwa sare, ikarudiwa. Fainali ilikuwa mechi yao ya kumi ya ubingwa mwaka ule. Kwa Dublin ilikuwa ya sita. Weka hesabu hiyo pembeni, tutaihitaji.

Mechi yenyewe ilianza vibaya kwa Mayo. Dakika ya pili tu Con O'Callaghan aliwakata mabeki na kuuweka mpira wavuni. Timu nyingine ingesambaratika. Mayo wakatulia, wakaanza kushinda mipira ya katikati, na Andy Moran, mwenye umri wa miaka 33, akacheza kama aliyezaliwa upya. Mwisho wa msimu alichaguliwa mchezaji bora wa mwaka. Mapumziko walikuwa mbele kwa pointi moja, 0-10 kwa 1-6. Mabingwa watetezi, ndani ya jiji lao, mbele ya watu zaidi ya 82,000, walikuwa wakizidiwa.

Dakika ya 48

Hapa ndipo ninapoweka kidole changu.

Karibu na dakika ya 48, John Small wa Dublin alimchezea vibaya Colm Boyle. Small alikuwa na kadi ya njano tayari. Kwa faulo ile alitolewa. Lakini kabla vumbi halijatua, Donal Vaughan wa Mayo alikuja mbio na kumvamia Small. Refa Joe McQuillan akamtoa naye kwa nyekundu. Kwa sekunde chache Mayo walikuwa wameshika nafasi ya kucheza zaidi ya dakika 20 wakiwa 15 dhidi ya 14. Nafasi hiyo ikazimika. Ikawa 14 kwa 14.

Simtaji Vaughan ili kumsulubu. Alikuwa mmoja wa wachezaji walioibeba timu ile kwa miaka, na alichokifanya kilitokana na kumwona mwenzake ameumizwa. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Sisi tulio kwenye viti ni rahisi kusema angetulia. Bado, uchambuzi unaolikwepa tukio hili kwa kumwonea haya mtu mmoja hautafika popote, na nimeona mengi ya namna hiyo.

Hoja ninayoisikia ni kwamba mmoja kwa mmoja ni sawa, hakuna aliyepata faida. Mtu wa Mayo mwenye kumbukumbu hawezi kulikubali hilo, kwa sababu alishaliona mwaka 1996. Fainali ya kwanza ya mwaka ule, Mayo na Meath, ilikwisha sare, baada ya Colm Coyle wa Meath kuupiga mpira kutoka mbali, ukadunda mbele ya goli na kupita juu ya mtambaa panya. Katika marudiano ngumi zilizuka mapema, karibu kila mchezaji akaingia. Refa alipomaliza kutuliza alitoa mmoja kila upande: Coyle wa Meath, na Liam McHale wa Mayo. Kwenye karatasi, sawa kwa sawa. Kwa macho ya watu wa Mayo, Meath walipoteza beki mmoja, wao wakapoteza nguzo ya katikati. Walifungwa 2-9 kwa 1-11. Pointi moja.

Miaka 21 baadaye hesabu ilikuwa ya aina nyingine, lakini matokeo ni ndugu. Safari hii aliyetolewa kila upande alikuwa mtu wa ulinzi, hivyo kimajukumu walilingana. Kilichobadilika ni uwanja. Uwanja wa Croke Park ni mpana mno kuliko wa soka, na ukiondoa watu wawili unaacha mashamba matupu. Nafasi huipenda miguu mipya. Tazama sasa nani alikuwa na miguu mipya: Dublin waliweza kumwingiza Diarmuid Connolly, aliyefungiwa wiki 12 katika msimu ule, kwa hiyo hakuwa na uchovu wowote. Wakamwingiza Kevin McManamon. Wakamwingiza Bernard Brogan, mchezaji bora wa Ayalandi wa mwaka 2010, mtu ambaye kwenye kaunti nyingine angeanza bila swali. Mayo walikuwa kwenye mechi ya kumi.

Sitaki kuficha linalonipinga. Goli la Keegan, lililowapa Mayo uongozi, lilikuja baada ya kadi zile, na lilikuja kwa sababu uwanja ulikuwa wazi. Beki alikimbia kutoka nyuma na kukuta mlango haujafungwa. Kwa hiyo uwazi ule uliwapa Mayo pia. Lakini goli huja mara moja, na uchovu huja kila dakika. Zikiwa zimebaki dakika chache Mayo walikuwa bado mbele, na Dublin wakaanza kuwala kidogo kidogo, pointi kwa pointi, mpaka wakasawazisha. Ukitazama miguu ya Mayo kipindi kile, unaona watu wanaofika kwenye mpira hatua moja baadaye kuliko walivyofika saa moja kabla.

Mwamba, na dakika ya mwisho

Wengi watakuambia mechi ilipotea kwenye mwamba. Matokeo yakiwa sawa katika dakika za nyongeza, Cillian O'Connor alipata mpira wa adhabu wa kuwaweka Mayo mbele. Alipiga, mpira ukagonga mwamba. Na kilichoongeza uchungu ni kwamba mwaka mmoja kabla, katika marudiano ya fainali ya 2016, ni yeye aliyekosa adhabu ya mwisho ambayo ingeleta sare. Ni rahisi sana kuziunganisha hizo mbili na kumwandikia mtu jina baya.

Naikataa hesabu hiyo kabisa. O'Connor alikuwa mfungaji wao tegemeo kwa miaka yote ile, na bila pointi zake Mayo wasingekuwepo Croke Park hata kuangalia. Adhabu ya mbali chini ya presha ile hupigwa na wachache, na kati ya hao wachache hukosa wote siku moja au nyingine. Mwamba ulikuwa bahati mbaya, nakubali. Ila bahati huamua mechi pale tu mambo mengine yanapokuwa yamebaki sawa, na dakika ya 48 ndiyo iliyoyaacha yabaki sawa.

Muda mfupi baadaye mpira ulifika kwa Connolly, yule aliyetoka benchi. Chris Barrett, ambaye alikuwa amecheza mechi nzuri ajabu, akamfanyia faulo. Ndiyo adhabu aliyoipiga Rock.

Kuna sehemu moja ambayo haizungumzwi vya kutosha na wale wasio wa Mayo. Baada ya pointi ya Rock, Mayo walikuwa na mpira mmoja wa kuanzia golini. Kipa David Clarke aliutazama uwanja akitafuta wa kumpa, na wachezaji wa Dublin wakawavaa wapinzani wao mwilini na kuwaangusha chini. Kilkenny alimvuta Keegan mpaka akalala. Alipewa kadi nyeusi, ambayo ni adhabu ya kumwangusha mtu makusudi. Wakati ule kadi nyeusi ilimtoa mchezaji lakini nafasi yake ikajazwa na wa akiba, timu haikupungua. Kwa dakika ya mwisho ya fainali, adhabu hiyo ilikuwa haina uzito wowote. Unamzuia mpinzani asipokee mpira utakaoweza kukunyang'anya kombe, na unalipa kwa kutoka uwanjani sekunde chache kabla ya wenzako wote. Mpira wa Clarke ulitoka nje, na mechi ikaisha.

Kwa hiyo anayemsema Keegan kwa kifaa chake aseme na haya pia. Pande zote mbili zilifika mahali ambapo kushinda kulikuwa kumezidi kanuni, tofauti ni kwamba upande mmoja ulikuwa na njia iliyofanya kazi. Mwaka 2020 kadi nyeusi ilibadilishwa: sasa mchezaji anakaa nje dakika kumi na timu yake inabaki pungufu. Hata hivyo, dakika kumi hazina maana zikiwa zimebaki sekunde 40, na hilo tundu naliona bado liko wazi.

Wiki moja baadaye, wanawake wa Mayo walicheza fainali yao ya Ayalandi uwanja ule ule, dhidi ya Dublin wale wale. Watu wa kijani na nyekundu wakarudi tena barabarani. Walifungwa, 4-11 kwa 0-11. Wiki mbili mfululizo.

Laana

Jibu linalopendwa kuliko yote halihusu dakika yoyote ya mechi. Inasimuliwa kwamba mwaka 1951, timu ya Mayo ikirudi nyumbani na kombe, ilipita mji mdogo wa Foxford ikishangilia huku mazishi yakiendelea, bila kusimama kutoa heshima. Padri akakasirika, akatamka kwamba Mayo hawatashinda tena mpaka wachezaji wote wa timu ile wawe wamekufa. Simulizi hii ilikuja kushika kasi miongo mingi baada ya 1951, na ushahidi wa mazishi yenyewe haujaonekana.

Naelewa inachowapa watu. Laana haina mtu wa kulaumiwa. Huhitaji kumtazama Vaughan wala O'Connor wala Barrett. Kwa jamii ambayo wachezaji wake ni majirani, hiyo ni huruma kubwa, na huenda ndiyo sababu imedumu. Lakini inawadhulumu wachezaji kwa upande wa pili: inawanyang'anya walichokifanya wenyewe. Kama yote yalipangwa na padri, basi Moran wa miaka 33 hakufanya kitu siku ile, na Keegan pia hakufanya kitu.

Isitoshe, wanawake wa Mayo walibeba ubingwa wa Ayalandi mwaka 1999, 2000, 2002 na 2003. Laana gani hiyo inayochagua? Jezi ni ile ile, kaunti ni ile ile, na Foxford ni ile ile. Kila nikilitaja hili naambiwa padri aliwalenga wanaume tu. Basi.

Badala ya laana, chukua kalamu. Mwaka 2013 Dublin waliwafunga Mayo fainali 2-12 kwa 1-14, pointi moja. Mwaka 2016 fainali ilikwisha sare, 2-9 kwa 0-15, na magoli yote mawili ya Dublin yalikuwa ya Mayo kujifunga wenyewe. Marudiano yakawa 1-15 kwa 1-14, pointi moja. Mwaka 2017, pointi moja. Mechi nne za fainali dhidi ya timu iliyokwenda kutwaa ubingwa mara sita mfululizo, kuanzia 2015 mpaka 2020, na tofauti yake yote ni pointi tatu. Goli moja tu. Ukitaka kuelewa kwa nini mashabiki hawa hawawezi kuiacha mada hii, hesabu hiyo inatosha.

Kipa wa Mayo katika marudiano ya 2016 anastahili kutajwa hapa. Kocha Stephen Rochford alimweka nje Clarke siku ile na kumwanzisha Rob Hennelly. Hennelly aliudondosha mpira wa juu, akamwangusha mpinzani, akapewa kadi nyeusi, na Connolly akafunga penalti. Kwa miezi mingi jina lake lilikuwa mfano wa uamuzi uliogharimu kombe. Tarehe 14 Agosti 2021, nusu fainali, Mayo walikuwa nyuma dhidi ya Dublin wale wale, ambao hawakuwa wamepoteza mechi ya ubingwa tangu 2014. Katika dakika za nyongeza walipata mpira wa kupigwa kutoka mita 45. Mpigaji alikuwa Hennelly. Alikosa, refa akaamuru urudiwe, akapiga tena, ukapita. Mayo walishinda muda wa ziada, 0-17 kwa 0-14.

Fainali ya mwaka huo walipoteza kwa Tyrone, 2-14 kwa 0-15, baada ya kukosa penalti. Ilikuwa tarehe 11 Septemba. Siku 15 baadaye alifariki Paddy Prendergast, beki wa 1951, wa mwisho kuwa hai kati ya waliocheza fainali ile. Kwa maneno ya simulizi yenyewe, laana ilikuwa imekwisha. Kiangazi cha 2022 Mayo walirudi Croke Park kwa robo fainali, Kerry wakawafunga 1-13 kwa 0-8.